Kiti Kimoja Kwenda Tarawa

Kutoka Kiritimati hadi Tarawa ni nchi moja: bendera moja, rais mmoja, na wimbo mmoja wa taifa ambao watoto wa pande zote mbili huukosea mstari uleule. Katikati tu ndiko kuna maji. Maji ya kilomita elfu tatu na ushei, na saa za ukutani zimepishana vilevile, hivi kwamba mkubwa wa Tarawa akipiga simu asubuhi akiwa na ari ya kazi, huku kwetu tunamjibu tukiwa na samaki mdomoni.

Mtu wa Kiritimati anaweza kutoka London hadi Poland kwa lori na akarudi kabla jua halijazama, maana hivyo ni vijiji vyetu, na wazungu waliovipa majina hayo walishaondoka bila kusema walikuwa wamekunywa nini. Lakini kufika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, sharti angoje ndege ya Jumanne. Akiikosa, angoje Jumanne nyingine.

Jumanne hiyo Riteti alikuwa na viti viwili: chake na cha Tiira, bintiye wa miaka tisa. Alivikata mapema, akijipa moyo kidogo kidogo kama anayeingia maji ya baridi. Asubuhi akiwa anamsuka Tiira nywele, simu ikalia. Alikuwa Tokanikai, kaka yake, yuko Tarawa na mama yao.

"Ndege yako si leo?"

"Leo. Mbona sauti yako hivyo?"

"Mama hali kitu tangu juzi. Hata tembo tamu la mnazi, analolipenda kuliko sisi aliotuzaa, analigeuzia uso."

"Nesi amesemaje?"

Tokanikai akatoka nje kwanza. Kisha akasema, "Amesema asiyefika leo asihangaike kuja kwa haraka."

Riteti akamaliza kusuka. Mkono ulikaza tu, hata Tiira akalalamika kwamba anavutwa mpaka nyusi.

Sasa lazima lisemwe lililomfanya Riteti aogope kwenda kwa mama yake mzazi. Kwetu ndugu akikukalia mbele, akataja kitu chako na kukuomba, kitu hicho si chako tena. Ombi hilo ndilo bubuti. Akiomba mkeka, unakunja mkeka unampa. Akiomba baiskeli, unashuka. Utalia baadaye, nyuma ya nyumba, na siku yako ikifika utamwomba yeye kikubwa zaidi. Ndiyo maana kwetu hakuna tajiri, wala hakuna anayelala na njaa.

Tiira alipokuwa wa miezi mitano, Bibi Rotia, mama wa Riteti, alikuja nyumbani kwake huko Tarawa na mkeka mpya, akaketi, akamwomba mtoto. Halikuwa jambo la ajabu. Nusu ya watu unaowaona wamelelewa na bibi zao kwa ombi kama hilo. Lakini mume wa Riteti alikuwa ameondoka na meli ya mizigo, na habari zilikuwa zimefika kwamba ameoa bandarini huko, tena mwanamke mwenye duka. Mtoto ndiye aliyekuwa amebaki. Riteti akasema, "Mama, bado ananyonya."

Maneno hayo tu. Bibi Rotia akaukunja mkeka wake, akaondoka nao. Kabla ya jioni pwani nzima ilikuwa na habari: binti amemkatalia mama yake bubuti, tena kwa kutoa sababu. Wakamwita Mzungu. Watu wakapita mlangoni pake wakiulizana kwa sauti kama Mzungu leo anakula kwa uma. Akahamia Kiritimati, kwa Bauro, binamu wa marehemu baba yake, ambaye alimpa pembe ya kiwanja chake bila kuuliza swali. Tangu hapo mama na binti walisemezana kwa kumpitia Tokanikai, kama majirani waliogombana juu ya ukuta.

Basi alichotaka Riteti kilikuwa kimoja. Amkute mama yake na pumzi, amkalishe Tiira mbele yake, aseme "nisamehe" kwa mtu anayesikia.

Kwenye uwanja wa ndege, Eritai wa mizani alikuwa ameshaanza. Huyu ni mwembamba kama kijiti cha kuchokolea meno, lakini sauti yake inasikika mpaka kijiji cha Banana. Kila abiria hupanda mzani na mzigo wake, na Eritai hutangaza uzito kana kwamba anatangaza uchumba.

"Riteti! Umeongezeka, dada. Hoteli ya watalii wavuvi inawalisha vizuri ninyi wafua shuka."

"Na wewe umepungua, kaka. Mkeo anakupikia, au anakuonyesha tu picha?"

Watu wakacheka. Tiira akapanda, uzito wake haukutosha hata kutaniwa. Kisha akaja Bauro, kifua kama pipa, kabeba sanduku la barafu lililojaa kamba-koche. Alikuwa anakwenda Tarawa kwenye karamu ya mjukuu wake anayetimiza mwaka.

"Mzee Bauro, weka mguu mmoja kwanza," Eritai akasema, "tuone kama mzani utavumilia."

"Andika, mtoto wewe. Uzito wangu nusu ni hotuba. Nikishaitoa nitarudi mwepesi."

Kicheko kilikuwa hakijaisha Eritai alipoitwa na rubani. Wakasimama chini ya bawa, rubani akionyesha juu, Eritai akitikisa kichwa. Aliporudi uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Ndugu abiria. Upepo wa juu leo unakuja usoni, na una nguvu. Ndege itachelewa angani, kwa hiyo itakunywa zaidi. Tena rubani lazima awe na mafuta ya akiba: akikuta kiwanja cha Tarawa kimefungwa na mvua, au na mbwa, aweze kufika kiwanja cha jirani. Mafuta yana uzito. Nanyi mna uzito." Akameza mate. "Mafuta hayawezi kuachwa."

Hakuna aliyecheka. Kwenye njia fupi upepo mbaya humpa mtu kichefuchefu. Kwenye njia kama yetu humwacha nyumbani. Kadiri bahari inavyokuwa pana ndivyo ndege inavyobeba mafuta na kupunguza watu. Wanaoshushwa ni waliokata tiketi mwisho, ila mwenye kiti anaweza kumwachia mwingine, mizigo ikapunguzwa kufidia uzito. Eritai akasoma majina manne. La tatu lilikuwa la Bauro.

Wale watatu wengine wakatandika mikeka kivulini, maana hasira hazijawahi kurusha ndege. Bauro hakutandika. Akaliacha sanduku lake, akavuka sakafu, akaja kuketi chini mbele ya Riteti, miguu ameikunja, mikono juu ya magoti. Riteti akajua kabla hajafungua mdomo. Watu wote nao wakajua, na kwa adabu wakageuza nyuso kuelekea baharini. Masikio waliyaacha palepale.

"Riteti, mtoto wa kaka yangu."

"Naam, baba mdogo."

"Nimekuja kwako na bubuti. Karamu ya mjukuu haina mzee mwingine upande wetu. Nisipofika, atasimama nani kusema? Nipe kiti chako."

Angeweza kusema. Maneno yalikuwa tayari nyuma ya meno: mama anakufa. Bauro si mkatili. Lakini anayeombwa hatoi sababu. Sababu ni kukataa kulikovishwa shada la maua, na Riteti alishawahi kutoa sababu, tena ya kweli. Akaangalia wanaopanda. Wavuvi wanne wa Kimarekani, masista wawili, afisa wa serikali, na familia kubwa ya Poland isiyomhusu kwa damu wala kwa ndoa. Hakuna ambaye yeye naye angeweza kumkalia mbele na kumwomba. Na huyu hapa ndiye aliyempokea siku ambayo hata mbwa wa Tarawa walikuwa wakimwita Mzungu.

"Chukua, baba mdogo."

Bauro akashusha pumzi mpaka shati likalegea. "Mungu akuzidishie. Najua unakwenda kupatana na mama yako. Usijali, Jumanne ijayo utakwenda. Yule Rotia ni jiwe, mwanangu. Atatuzika sote."

Riteti akamkabidhi tiketi yake.

Tiira akamvuta kanga. "Mama, na mimi nishuke?"

Hapo Riteti alifikiri haraka, na aliyefikiri haraka hana mtu wa kumlaumu. Kupanda yeye kwa kiti cha Tiira na kumwacha mtoto kungekuwa kumnyima mama yake mjukuu mara ya pili. Ikiwa mmoja tu ndiye wa kufika, basi afike mtoto. Bibi Rotia aione sura ya mjukuu aliyemtaka. Nusu ya msamaha itangulie, nusu ifuate.

"Wewe nenda. Utakaa na babu Bauro. Mjomba Tokanikai atakupokea. Mwambie bibi kwamba mama anakuja, sawa?"

"Nimwambie lini?"

"Ukimwona tu. Kabla ya salamu."

"Mama, kabla ya salamu si adabu."

"Tiira!"

"Haya, haya. Nitamwambia."

Bauro akamshika mkono yule mtoto, mkono wa pili sanduku la kamba, wakatembea juani kuelekea ngazi. Tiira aligeuka mara moja, akanyoosha ulimi kumchekesha mama yake. Ndege ikakimbia njia yote ya lami, nzito, ikanyanyuka karibu na mwisho kabisa. Riteti akaitazama mpaka ikawa kama punje ya mchele, kisha akarudi kazini kufua, kwa sababu shuka za wavuvi hazijui habari za mtu.

Safari ya anga ni kitu kibaya kwa aliyebaki. Aliyepanda ana kiti, ana dirisha, analetewa maji. Aliyebaki ana akili yake tu. Riteti alianika shuka, akawaza: sasa wameshaviacha visiwa vyote nyuma, chini ni maji. Akala muhogo wa jana, akawaza: bado ni maji. Akafagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa, na mawazoni mwake ndege ilikuwa palepale juu ya maji, inasukumana na upepo uso kwa uso kama mabondia wawili waliochoka.

Simu ilikuja jua limeelemea magharibi. Tokanikai alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Dada! Dada, umefanya nini!"

"Mama yupo?"

"Yupo! Ameketi! Amekula! Riteti, nilikuja uwanjani kukupokea wewe, naona mzee Bauro anashuka amemshika mtoto mkono, na sanduku la chakula. Nikasema, hatimaye! Dada amemtuma mtoto."

"Tokanikai, ngoja—"

"Nikamweleza mzee hali ya mama. Akawa kama amepigwa rungu. Akasema karamu ya huko Betio baadaye, nipeleke kwa Rotia kwanza. Nyumba imejaa wazee, unajua mambo ya mgonjwa. Mzee akaketi kati, mtoto pembeni yake, akafungua sanduku, akaweka kamba wote mbele ya mama. Wote, Riteti! Akasimama akasema. Unamjua kwa kusema. Wazee wakaanza kulia."

Riteti akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliiona picha yote, kana kwamba naye alikuwa pale mlangoni. Mtoto aliyefika bila mama yake. Mzee wa ukoo wa baba aliyemsindikiza. Chakula kimewekwa mkekani. Hotuba. Kwetu mtoto wa kulelewa hakabidhiwi kwa namna nyingine yoyote. Hivyo ndivyo kila mmoja katika nyumba ile alivyowahi kuona ikifanyika, wengine wao wenyewe walikabidhiwa hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza.

"Mama akaomba anyanyuliwe," Tokanikai akaendelea. "Akampaka Tiira mafuta kichwani. Akamtandikia mkeka wake mwenyewe. Akasema mbele ya wazee wote, 'Binti yangu amenijibu.' Riteti, hakuna atakayekuita Mzungu tena. Nani atathubutu?"

"Na Tiira? Hakusema kitu?"

"Alisema sijui nini, mama anakuja, mama anakuja. Mtoto, kelele zilimzidi. Nani amsikilize mtoto mzee akiwa anasema?"

"Nipe baba mdogo."

Kulikuwa na mkwaruzo, nyayo, mlango. Bauro alipozungumza alikuwa ametoka nje, na ile sauti ya karamu hakuwa nayo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniomba."

"Niliomba kiti, wewe mtoto! Sikuomba mama yako! Neno moja tu ungelisema, ningekubeba mgongoni mpaka kwenye ngazi."

"Ningelisema neno, ningekuwa nimekataa."

Bauro akatukana, si Riteti, bali upepo, na rubani, na Eritai, na mjukuu asiye na hatia anayetimiza mwaka. Kisha akapumua. "Nilipoingia nikamwona Rotia alivyokwisha, sikuweza kuketi mikono mitupu. Nikaweka kamba. Nikasema maneno ya heshima, kwamba nimemleta binti wa Riteti. Nilipoona wanavyolia ndipo nikaelewa wameelewa nini. Mdomo wangu huu. Lakini sikiliza. Bado naweza kuingia ndani sasa hivi, nisimame, niseme nilikosea. Niseme ni upepo tu. Nitaaibika, haya, aibu nimeshakula nyingi na bado nimenenepa. Neno ni lako."

"Mama anafanya nini sasa?"

Riteti akamsikia akirudi mlangoni na kuchungulia.

"Amelala. Amemshika mtoto kifundo cha mkono. Anatabasamu, Rotia. Sikujua ana meno machache vile."

Kamba ya kuanikia ilikuwa inapigapiga nguzo. Shuka za wageni zilijaa upepo, zikatuna, zikalegea. Riteti alimkumbuka mama yake akiukunja mkeka, kona kwa kona, bila kuinua macho. Kukataa tena, mara hii kwa mdomo wa mtu mwingine, na kumnyang'anya mwanamke yule yule mtoto yule yule, mkononi, saa hii, hakuweza.

"Usiseme kitu, baba mdogo."

"Riteti. Unajua maana yake?"

"Usiseme."

Bibi Rotia alikata roho kulipopambazuka. Tokanikai alisema hakuhangaika. Alisema pia watazika kesho yake, hawawezi kungoja Jumanne, barafu hakuna na joto ni kali. Naye dada asijisumbue kuomba msamaha kwa kutofika, alichotuma kimetosha. Aliyasema hayo kwa upendo. Riteti akamshukuru. Hakulia, maana alikuwa na watu wa hoteli mlangoni wanauliza taulo.

Alasiri akapiga mwenyewe, akaomba kuzungumza na Tiira. Nyuma ya sauti ya mtoto kulikuwa na kuimba kwa wanawake, na vyungu, na mtu aliyekuwa akifoka kwamba wali unaungua. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti; Riteti aliweza kuwasikia wakihimizana kunyamaza ili wamsikie mama aliyetoa mwanawe.

"Mama, bibi amekufa."

"Nimesikia, mwanangu. Ulimwogopa?"

"Hapana. Alinishika hapa. Alikuwa ananuka mafuta ya nazi." Tiira akavuta kamasi. "Mama, nilimwambia. Nilimwambia kabla ya salamu. Hawakunisikia, nikamwambia tena."

"Najua. Ulifanya vizuri."

"Shangazi mmoja hapa anasema nimekuwa mtoto wa nyumba hii. Anasema nitasoma hapa. Nimemwambia ni mwongo."

Kuimba kulikuwa kumeisha. Nyumba nzima ile, ng'ambo ya maji yote yale, ilikuwa imetega sikio. Riteti aliuweka mkono kwenye ukuta wa bati, ulikuwa moto, akauacha palepale.

"Si mwongo," akasema. "Bibi yako alikuomba, na mimi nimetoa; kilichotolewa hakirudi. Hapo ni kwako sasa. Umsaidie mjomba, wageni wapate maji."

Tiira hakulia. Alinyamaza kwa namna ambayo mama yake hakuwahi kumsikia akinyamaza, huyu mtoto ambaye hata usingizini alikuwa na la kujibu.

"Jumanne utakuja?"

"Nitakuja. Nikipata kiti."

"Kunichukua?"

"Kukuona."

Mbali, mtu alikohoa.

"Basi uje na viatu vyangu vya shule," Tiira akasema. "Viko chini ya kitanda." Kisha akampa mjomba wake simu.